Nilivyowanasa wadudu wa mto wenye trauti kwa kitambaa cha pazia na sukari kilo mbili

Nimeulizwa sana niliwezaje kuonyesha kwamba trauti, wale samaki wa kuletwa, wamebadilisha wadudu wa mto wetu wakati kila mtu alikuwa ananiambia samaki ni samaki tu, sasa wacha niandike yote hapa.

Kijito chenyewe kiko milima ya Aberdare, Kenya, kinashuka kuingia mto Gura, na Gura ndiko trauti walikopandwa mwaka 1905, walitolewa Scotland ili walowezi wapate pa kuvua kwa ndoano. Trauti hupanda mto mpaka akutane na maporomoko yanayomshinda kuruka, anabaki hapo. Kwa hiyo juu ya maporomoko hakuna trauti, chini wamejaa, na msitu ni ule ule pande zote mbili, hakuna ng'ombe wala shamba. Ukitaka kulinganisha tafuta mahali kama hapo, ukienda kulinganisha msituni na kijijini utakuwa unapima mbolea.

Jamaa mmoja aliyesomea mambo haya akaniambia chukua neti ya mbu, vuruga mawe kwa mguu mchana, hesabu wadudu, umemaliza. Ushauri huo ulinipotezea siku nzima na miguu ikafa ganzi! Matundu ya neti ya mbu ni makubwa, mabuu madogo yote yalipita nikabaki na kaa wawili na majani. Nikaenda sokoni Nyeri kutafuta kile kitambaa cha pazia chepesi, na chumvi nimebeba kwenye karatasi, kila kitambaa namwagia kidogo naangalia kama inapita, mama muuzaji ananitazama tu. Kilichozuia chumvi ndicho nilichonunua, mita mbili, sijui mia nne au mia tano. Fundi akanishonea mfuko mrefu.

Shida ya pili ilikuwa kuwatoa wadudu kwenye takataka, maana beseni moja la mchanga na majani linakula nusu siku. Hapa ndipo sukari ilipoingia. Kilo mbili kwenye maji kama lita sita, koroga mpaka iyeyuke yote, mwaga nje maji ya mto yaliyomo kwenye beseni, takataka zibaki, halafu mimina hayo ya sukari. Maji yanakuwa mazito, na wadudu wanaanza kupanda wenyewe. Yale mabuu bapa yenye mikia mitatu yalikuja juu yakipiga mikia, nyuma yake yale ya mikia miwili, nikayachota kwa kichujio cha chai. Wasuuze haraka kama unataka kuwarudisha hai. Konokono na wale wanaojijengea kanyumba ka vijiwe hawaelei, hao utawaokota kwa mkono.

Lakini kwa kuvuruga mawe mchana bado hesabu ya juu na ya chini ya maporomoko hazikuachana sana, nikaanza kuogopa kwamba wanaonipinga wako sawa. Mzee mmoja anayevua huko tangu ujana ndiye aliyenifungua macho. Akaniambia, "Kijana wangu, trauti anatumia macho. Wewe ungekuwa mdudu ungetembea mchana?"

Basi tukarudi usiku, na askari wa msitu mwenye bunduki kwa sababu ya nyati, usijaribu bila yeye. Mara hii sikuvuruga mawe, mfuko nikaufunga kwenye vyuma viwili katikati ya mkondo unase wadudu wanaosombwa na maji, mdomo ukitazama maji yanakotoka, nusu saa nusu saa. Chini ya maporomoko, mchana mfuko ulikuwa unatoka karibu mtupu, saa tatu usiku ukatoka umejaa mabuu mpaka tochi ikawa inamulika kitu kinachochemka. Juu, kusiko na trauti, mchana na usiku ilikuwa karibu sawa. Nilikaa kwenye jiwe nikacheka peke yangu kwa furaha, yaani wadudu wa chini wanajificha mchana kutwa kwa kumwogopa samaki!

Halafu nikaelewa kwa nini mawe ya chini yanateleza. Hawa wadudu ndio wanaokwangua ule ute wa kijani, sasa wakijificha unabaki unanenepa. New Zealand, kwenye mto Taieri, watafiti waliona jambo hilo hilo, na kule pia trauti waliletwa. Pitisha kiganja kwenye jiwe la juu halafu la chini, utasikia tofauti.

Mfuko bado ninao, anayetaka kuazima aje, ila aukaushe kabla ya kuurudisha.