Nilivyopata breki za Escudo inayovutwa na Coaster

Kila fundi niliyemuuliza kuhusu breki hizi pale Mabatini, Mwanza, alinijibu kwa kujiamini, na karibu wote walinijibu upuuzi.

Coaster yangu nimeigeuza nyumba: vitanda, jiko la gesi, tanki la maji. Inalala Lamadi karibu na ziwa, halafu Escudo ndiyo inayoingia Serengeti kwa geti la Ndabaka. Kutoka Mwanza Escudo inavutwa kwa chuma cha pembe tatu, matairi yote manne chini. Kufunga chuma, kuweka transfa (giaboksi ndogo ya 4WD) nyutro na kuacha ufunguo ili usukani usijifunge, hayo sielezi, kila mtu anayajua.

Kasheshe ni breki. Escudo ina zaidi ya tani moja, na wenzetu wa Ulaya tela ikizidi kilo 750 lazima iwe na breki zake. Fundi wa kwanza akanicheka: "Kaka, Coaster inabeba watu kibao, ishindwe na kigari hicho?" Abiria wanakandamiza matairi ya Coaster yashike lami. Escudo iko nyuma, inakusukuma tu. Na ukitoka spidi 50 kwenda 80, kazi ya breki inaongezeka zaidi ya mara mbili na nusu.

Mwingine alitaka kutoa paipu ya mafuta ya breki kwenye Coaster aipeleke mpaka Escudo. Nikamuuliza, je, ikikatika? "Haikatiki, bosi." Nikachukua funguo zangu nikaondoka.

Tukajaribu breki ya kusukumwa, na hii lazima niisimulie. Mchomeleaji alitengeneza chuma chenye sehemu inayoteleza: Coaster ikipunguza mwendo, Escudo inasukuma mbele, chuma kinajifinya na kuvuta kebo inayokandamiza pedeli. Kwa laki na ushee nikajiona mhandisi. Uwanjani ilifanya kazi vizuri mno, hata jirani akaniomba mchoro. Tulipoingia barabara ya Musoma ikaanza vituko. Kila mteremko ukiachia mafuta ili injini ishike gari, Escudo inasukuma, inajifunga breki, na inaendelea kujifunga mpaka chini. Kila tuta hivyo hivyo. Kufika Magu nikamwagia rimu ya mbele maji ya chupa: tshhh! Maji yakaruka kama mafuta ya kukaangia sato. Breki pedi zilikuwa zinanuka mpaka muuza mahindi akahamisha beseni lake.

Kuna jambo hakuna fundi aliyeniambia, na ndilo linaloamua uchague nini. Gari ambalo injini yake imezimwa, busta ya breki (kifaa kinachoongezea mguu nguvu) haifanyi kazi. Unakanyaga mara mbili tatu nguvu iliyobaki kwenye busta inakwisha, pedeli inakuwa jiwe. Kwa hiyo chombo chochote utakachonunua uliza kwanza: kina nguvu ya kukanyaga pedeli ngumu, au kinaleta nguvu yake chenyewe? Wenye mabasi yenye breki za upepo wanaweza kuvuta upepo kutoka kwenye tangi la basi. Breki za Coaster yangu ni za mafuta, hilo halinihusu.

Mwisho mpwa wangu aliyeko Marekani, ambako kuvuta gari dogo nyuma ya gari-nyumba ni kawaida, akanitumia boksi lililotumika. Linakaa sakafuni mbele ya kiti cha dereva, lina mkono unaoshika pedeli, na lenyewe linahisi mwendo unavyopungua. Ukifunga breki polepole linakanyaga polepole. Liliniramba milioni na kitu. Usafiri ukaifanya iwe karibu mbili. Mama watoto hadi leo anajua ni moja.

Kabla ya kulifunga, kanyaga pedeli mpaka iwe ngumu kabisa. Usipofanya hivyo, busta bado ina nguvu na breki ya kwanza itang'ata matairi yote. Kiti changu kilikuwa laini, boksi likawa linarudi nyuma badala ya kusukuma pedeli, nikaweka ubao wa mninga katikati.

Ujanja wangu mwenyewe ni huu: nilitoa waya kwenye swichi ya taa za breki za Escudo nikauleta kwenye dashibodi ya Coaster, nikafunga kitaa chekundu. Kikiwaka najua Escudo inafunga. Kwenye rasta za vijijini kitaa kilicheza disko, maana boksi lilidhani nafunga breki. Nikapunguza kitufe cha wepesi wa kuhisi kidogo kidogo mpaka rasta zikawa hazilishtui. Trafiki mmoja aliona taa za breki zinawaka kwenye gari lisilo na mtu, akazunguka Escudo yote akimtafuta dereva.

Usisahau waya wa dharura. Chuma kikichomoka, waya unavuta pini na boksi linakanyaga breki papo hapo. Fundi aliufunga kwenye kichwa cha ndoano inayoshika chuma! Ndoano ikichomoka yenyewe, waya unakwenda nayo. Ufunge kwenye chesisi ya Coaster. Na betri ya Escudo iletee chaji kutoka mbele, la sivyo utafika Lamadi uanze kuomba kusukumwa.

Rivasi sahau, matairi ya Escudo yanajikunja yanavyotaka. Ukiingia sheli hakikisha kuna pa kutokea mbele.