Nilivyoshika viungo, chi na damu za tiba ya Kichina bila kukariri jedwali

Wadogo zangu mnaokuja China kusoma tiba ya asili ya huku swali lenu ni moja tu, lile somo la nadharia ya msingi mwaka wa kwanza ulilipitaje, maana ndo linaloongoza kwa kuwapa watu supu, yaani kurudia mtihani. Basi leo naandika lote kwa mkupuo, anayetaka achukue. Mie nimesoma Nanjing, kwetu Unguja, na madaktari wa Kichina nawajua toka utotoni kwa sababu mkoa wa Jiangsu, ambao Nanjing ndo makao yake makuu, unaleta madaktari Zanzibar tangu 1964 na mama yangu ni nesi mstaafu aliyefanya nao kazi wodini. Mama nitamtaja tena huko chini maana bila yeye nisingefika popote.

Kitabu kinaanza hivi, viungo vitano vya ndani wanavyoviita zang, yaani moyo, ini, bandama, mapafu na figo, halafu sita vya fu, utumbo mdogo, nyongo, tumbo, utumbo mpana, kibofu na kitu kinaitwa sanjiao. Kila zang ina mwenzake wa fu, moyo na utumbo mdogo, bandama na tumbo, mapafu na utumbo mpana, figo na kibofu, ini na nyongo (nyongo mkalia ini, hii hata bibi yangu angeipata). Kisha kila kimoja kina hisia yake, ladha yake, msimu wake, na pahala kinapofungukia nje, ini machoni, figo masikioni, moyo kwenye ulimi, bandama mdomoni, mapafu puani. Ukiyapanga kwenye jedwali linapendeza kweli, ila wiki ijayo ukiulizwa kwa nini mtu mwenye hasira anaharisha huna jibu. Wenzetu Wachina darasani wao wanakariri mistari ya kale kama watoto wa chuoni wanavyohifadhi juzuu, wameizoea toka wadogo, mie sikuwa na msingi huo, nikaona nikishindana nao kwenye kukariri ntachoka bure.

Nilichofanya nikaviacha viungo nikafuata kile kinachotembea. Mwili kwa Wachina una chi (nguvu ya uhai inayouendesha mwili), damu, majimaji, kiini (ile asili unayozaliwa nayo na inayoongezewa na chakula) na roho yenye akili. Kila kimoja nikakiuliza maswali yaleyale, kinatoka wapi, nani anakisukuma, nani anakizuia kisimwagike, nani anakihifadhi. Karatasi nyeupe, kalamu, mishale. Basi.

Chukua damu. Chakula kinaingia tumboni, tumbo linakipokea na kukiivisha, bandama inachambua kile kilicho safi na kukipandisha juu kwenye mapafu na moyo, kule kinakutana na hewa na kinageuka damu. Moyo unaisukuma, bandama inaibana isitoke nje ya mishipa, ini linaihifadhi, na wanasema ukilala damu inarudi kwenye ini. Sasa angalia, kwa safari moja tu umeshapata kazi za viungo vitano na dalili zinakuja zenyewe bila kukariri, bandama ikilegea mtu anapata michubuko bila kugongwa au hedhi haikatiki, ini likikosa damu macho yanakauka, mikono inakufa ganzi na kucha zinakatikakatika, moyo ukikosa damu unadunda ovyo na usingizi unakimbia.

Kila nikimaliza mchoro mmoja nlikuwa namtumia mama sauti kwenye simu namwelezea kwa Kiswahili, na mama si mtu wa kukubali kitu kirahisi. Ile ya damu akanirudishia, "Mwanangu, damu inatengenezwa kwenye uboho, hiyo bandama inaingiaje hapo? Na sisi mtu akipasuka bandama kwenye ajali anatolewa na anaishi." Hapo ndo ilibidi nilielewe jambo lenyewe ili nimjibu. Nikamwambia bandama ya Kichina mama usichukulie kuwa ni kile kipande kilichokaa chini ya mbavu za kushoto, ni jina la kundi la kazi, kumeng'enya, kusafirisha, kuinua, kubana damu, na kazi hizo kwenye tiba yenu mmezigawa kwa viungo vingine. Na uboho nao upo, figo zinahifadhi kiini, kiini kinazaa uboho, na kiini na damu vinageuzana ndo maana wanasema ini na figo chanzo chao kimoja. Akanyamaza kidogo. "Haya endelea, lakini mgonjwa mpime wingi wa damu kwanza." Sawa mama.

Mkitaka kufeli changanyeni hayo mambo mawili. Huko nyumbani kuna watu wanauza unga na vidonge vya "figo dhaifu" na msikilizaji anadhani anaambiwa figo zake zimefeli anatakiwa kusafishwa damu kwa mashine, wakati daktari wa Kichina akisema figo zimepungukiwa anaweza kumaanisha kiuno kinauma, magoti hayana nguvu, masikio yanavuma na mkojo wa usiku umezidi. Vipimo vya hospitali vya figo vinaweza kuwa safi kabisa. Na kinyume chake, mtu figo zinafeli kweli anauziwa unga. Hii inaniudhi mpaka leo.

Turudi kwenye chi, maana hapa ndo utamu. Msemo wao ni kwamba chi ni kamanda wa damu na damu ni mama wa chi. Kwenye karatasi ni sentensi tu, mie niliiona kwa macho siku niko fildi kwenye chumba cha dawa, ukuta mzima ni droo ndogondogo za mbao, nikapewa nipime dawa inaitwa Danggui Buxue Tang, ya daktari Li Dongyuan aliyeishi 1180 hadi 1251. Jina lenyewe linasema ni ya kujaza damu, na danggui ndo mzizi maarufu wa damu, harufu yake ikishika koti haitoki. Nikategemea danggui itakuwa nyingi. Nikasoma karatasi, huangqi gramu 30, danggui gramu 6. Huangqi ni vipande vyembamba vya rangi ya manjano iliyopauka, ukitafuna ni vitamu kidogo na vinanuka kunde mbichi, na huo ni mzizi wa chi wala si wa damu! Mlima wa huangqi kwenye karatasi na pembeni vijipande vichache vya danggui, tano kwa moja, na ndivyo alivyoandika mwenyewe, liang moja kwa qian mbili (vipimo vya zamani, liang moja ni qian kumi). Nikamuuliza mwalimu mzee aliyekuwa pale, mwalimu mbona dawa ya damu ndo kidogo? Akacheka, akanijibu kwa mstari wa zamani, kwamba damu ina umbo haiwezi kuzaliwa upesi, chi haina umbo hiyo ndo ya kuwahi kuishika.

Nikatoka pale nikaanza kutafuta dawa nyingine zinazoonyesha ile ukamanda. Chi inazalisha damu, hiyo tayari. Chi inasukuma damu, nikapata ya Wang Qingren (1768 hadi 1831, huyu bwana alikuwa mbishi hasa, alikwenda mwenyewe kwenye makaburi kuangalia viungo vya maiti kwa sababu hakuamini michoro ya vitabu), dawa yake ya waliopooza upande mmoja ina huangqi liang nne nzima na mizizi ya kuzibua damu imewekwa kidogokidogo tu, kwa sababu kwake yeye damu imekwama kwa kukosa msukumaji. Chi inabana damu, nikapata Gui Pi Tang ya Yan Yonghe ya mwaka 1253, kazi yake kulea bandama na moyo, huku anapewa mtu asiyelala, anasahau, moyo unadunda, hana hamu ya kula, na wakaja kuitumia pia kwa damu inayovuja ovyo. Kazi tatu dawa tatu, na mpaka leo ukiniamsha usiku ntakutajia. Mwaka uliofuata kwenye somo la mchanganyiko wa dawa nlikuwa nimeshavuka mto wakati wenzangu ndo wanavua viatu.

Majimaji yana njia yake fupi. Tumbo linapokea, bandama inapandisha, mapafu yanayatawanya, mengine yanatoka kwenye ngozi kama jasho na mengine yanashushwa kwenye figo na kibofu, na moto wa figo ndo unaofanya yote hayo yawe mvuke yaweze kupanda. Uso ukivimba ghafla baada ya mafua anza kuangalia mapafu, mwili mzito na choo laini angalia bandama, miguu inavimba na mgonjwa anahisi baridi angalia figo. Kuna sheria moja ya kale nampenda aliyeiandika, kwamba jasho na damu asili yake moja, kwa hiyo aliyepoteza damu usimpe dawa ya kumtoa jasho na aliyetoka jasho jingi usimtoe damu. Hii mama aliipitisha bila swali hata moja.

Mahusiano ya kiungo kwa kiungo nliyaacha mwisho, na sikuyaanza kwa zile asili tano, mti moto udongo chuma maji, kama wanavyofundisha. Nlianza na Suwen, sehemu ya Huangdi Neijing, kitabu cha kale cha tiba ya Kichina, sura ya 8, mle viungo vimepangwa kama serikali, moyo ni mfalme, mapafu waziri, ini jemadari wa vita, nyongo hakimu, bandama na tumbo watu wa ghala. Ukishaiona serikali unajiuliza ugomvi uko wapi. Jemadari akikasirika anavamia ghala, ndo yule mtu mwenye hasira anayeharisha, mbavu zimejaa, anacheua, anashusha pumzi kila saa, na dawa yake Xiao Yao San ndani yake kuna mizizi ya kulituliza ini na mingine ya kuijenga bandama kwa pamoja. Ini ni mti na bandama ni udongo, mti unaidhibiti udongo, haya sasa hiyo lugha ya mti na udongo ikaniingia. Mapafu na figo wanagawana pumzi, mapafu yanaishusha na figo zinaipokea, mzee anayehema na shida yake kubwa ni kuvuta kuliko kutoa ujue chini hakuna wa kupokea. Moyo na figo ni moto ushuke na maji yapande, wakiachana mtu halali, kifua kinawaka na miguu baridi. Hizo jozi tatu zishikeni vizuri, nyingine zitakuja kwa mishale yenu wenyewe.

Kwenye pepa swali la alama nyingi ni mgonjwa, wanakupa dalili zake na ulimi wake na mapigo yake wanataka useme nini kimekosekana na nani kamkosesha nani. Nlikuwa nachora mshale pembeni ya karatasi kwa penseli kwanza, naifuata damu au majimaji mpaka pale njia ilipokatika, ndo naandika. Waliojaza jedwali kichwani walikuwa wanaandika kazi zote za bandama toka ya kwanza hadi ya mwisho, msahihishaji hazitaki.

Na sanjiao msiwape muda wenu mwingi. Wengine wanaifundisha kama njia ya chi na maji, wengine kama sehemu tatu za kiwiliwili, juu ukungu, katikati povu, chini mfereji, na Nanjing (hiki ni kitabu cha kale, si mji) kinasema ina jina haina umbo. Wenyewe wamebishana karne na karne. Andikeni njia ya chi na majimaji, tajeni ukungu, povu na mfereji, hameni swali linalofuata.