Potwe wa Mafia na maji yetu ya Usangu

Potwe hawaondoki Mafia. Hiki kitu kimenikaa kichwani wiki nzima, nasahihisha madaftari ya fomu tuu nakiwaza, napika nakiwaza, ngoja tu nikiandike hapa nipumue.

Kwa asiyemjua, potwe ni yule papa mkubwa kuliko samaki wote duniani, mgongo mzima una madoa meupe, mpole, hana habari na mtu, chakula chake ni uduvi na vidagaa anavyovichuja kwenye maji. Kule Mafia upande wa Kilindoni anaonekana sana kuanzia Oktoba mpaka Februari hivi, wakati wa kaskazi, halafu anapungua mpaka unaweza kuzunguka na boti siku nzima usimwone. Ukiuliza kaenda wapi jibu lilikuwa rahisi, kaenda zake, atarudi msimu ujao. Na lilikuwa jibu lenye akili kabisa kwa sababu sehemu nyingi duniani potwe anafanya hivyohivyo, anakuja chakula kikiwepo, kikiisha anaondoka.

Sasa watafiti wakawafunga tagi za sauti. Kila tagi inatoa mlio wenye namba yake, sisi hatuusikii, na chini kabisa baharini wakatega risiva za kusikiliza. Potwe akipita jirani, mita mia kadhaa hivi, risiva inaandika: namba fulani kapita, tarehe fulani, saa fulani. Hakuna kuletewa deta mezani, lazima mtu azame akaichukue risiva kule chini. Matokeo yakachapishwa 2015, na aisee nilipoyasoma nilisimama. Milio ilisikika mwaka mzima. Ile miezi watu wa boti wanasema hawapo, walikuwepo, wamehama tu kidogo kutoka ufukweni na kwenda kwenye kina zaidi ambako macho ya mtu aliye juu hayafiki.

Kwakweli mi hapo ndipo naona uzito wa riseachi ya aina hii. Bila ile milio tungeendelea kumlinda potwe kwa miezi michache tu ya utalii, na miezi mingine tunasema si wetu, wako safarini huko, watajua wenyewe na nchi nyingine.

Juzi nikaipeleka hii habari darasani, maana kwenye jiografia tulikuwa kwenye longitudo na vijana walikuwa wamechoka na mistari. Nikawaambia kuna tagi nyingine haitegemei risiva ya chini, inapima mwanga, kina na joto la maji, inakaa na papa miezi, halafu inajiachia yenyewe, inaelea juu na kutuma ilichokusanya kwa setilaiti. Haiwezi kutuma ikiwa chini kwa sababu mawimbi ya redio hayapenyi maji ya chumvi, kwa hiyo habari ya GPS humo ndani sahau. Inajuaje ilikuwa wapi? Kwa jua. Jua la Mbeya linachomoza dakika ishirini na kitu baada ya Dar, hilo wanalijua, nusu ya darasa wana dada au kaka Dar. Basi kifaa kikiwa na saa sahihi, kikaandika mwanga umeingia saa ngapi na giza limeingia saa ngapi, unakadiria kiko mashariki au magharibi kiasi gani, na urefu wa mchana unakuambia kaskazini au kusini. Kijana mmoja wa nyuma, ambaye huwa haongei kabisa, akanyoosha mkono: "Mwalimu, na kama papa mwenyewe kazama chini kwenye giza wakati jua linachomoza?" Swali zuri mno. Ndiyo maana makadirio hayo yanaweza kukosea kilomita mia na zaidi, nikamwambia, na ndiyo maana watafiti wanachanganya na vipimo vingine kama joto la maji. Akaandika. Nilifurahi siku nzima.

Nikawapa na habari ya Nicole, papa mweupe jike aliyefungwa tagi Afrika Kusini Novemba 2003. Siku 99 baadaye tagi ikajiachia karibu na Australia Magharibi, kilomita kama 11,000 kutoka alikoanzia, na Agosti 2004 akaonekana tena Afrika Kusini kwenye maji yaleyale, wakamtambua kwa alama za pezi lake la mgongoni. Kwenda na kurudi zaidi ya kilomita 20,000 ndani ya miezi tisa. Darasa lilipiga kelele.

Lakini nilivyorudi nyumbani nikawa nawaweka hawa wawili pamoja, Nicole na potwe wa Mafia. Nicole anavuka bahari ya mataifa, kumlinda kunataka nchi zikae mezani, na zinakaa, mwaka 2002 potwe aliingizwa kwenye orodha ya biashara inayodhibitiwa ya CITES, ule mkataba wa mataifa wa biashara ya wanyama na mimea pori, na 2022 kule Panama wakaongezwa papa wengi sana kwa mpigo. Ila potwe wa Mafia, ambaye tumeshajua yuko hapahapa mwaka mzima, anategemea watu wa mlango mmoja wa bahari. Na mto mmoja. Hapo kwenye mto ndipo ninapotaka kufika.

Mbona anapapenda pale? Uduvi. Watafiti wamechukua sampuli za maji anakokula wakakuta uduvi umejaa. Na ule mlango kati ya Mafia na bara unatazamana na delta ya Rufiji, mikoko mingi kuliko popote Tanzania, mto unashusha tope na virutubisho, vijimea vya baharini vinapata chakula, uduvi unapata, dagaa wanapata, potwe naye anapata. Rafiki yangu niliyesoma naye chuo anafundisha Mafia, alinitumia voisi noti akasema wavuvi wa dagaa wakiona potwe wanajua samaki wapo, wanazungusha nyavu palepale, na potwe akiingia ndani wanamfungulia atoke. Wanaishi naye hivyo. Yeye ndo aliniambia pia kwamba Hifadhi ya Bahari ya Mafia, ile iliyoanzishwa 1995, imekaa kusini na mashariki ya kisiwa, wakati potwe anakula magharibi. Yaani chakula chake kiko nje ya mpaka.

Sasa Rufiji inatoka wapi? Inatoka huku kwetu nyanda za juu kusini! Maji mengi yanaletwa na Kilombero, ambayo nayo inakusanya mito ya Njombe na Mufindi, na mkono mwingine ni Ruaha Mkuu unaoanzia kwenye hii milima yetu, Mbarali, Kimani, Chimala, Ndembera, yote inashuka bonde la Usangu, inaingia kinamasi cha Ihefu, inapita hifadhi ya Ruaha, mabwawa ya Mtera na Kidatu, mpaka Rufiji. Ukipanda hiace ya Tukuyu pale Uyole ukafika juu kwenye ile baridi, umesimama kwenye mgongo unaogawa maji, upande mmoja yanaenda Usangu na mwisho wake ni Mafia, upande wa pili yanaenda Kiwira, Ziwa Nyasa, Shire, Zambezi, bahari ileile. Na Zambezi ina papa wake, wale wanaopanda maji baridi kilomita nyingi kutoka baharini. (Ndiyo, darasani waliuliza kama wanaweza kufika Matema. Hapana, maporomoko ya mto Shire yanawazuia, ogeleeni tu.)

Sisemi kwamba ndoo ya maji ya Mbarali inafika Kilindoni kama ilivyo. Njiani kuna mabwawa, na sasa kuna Bwawa la Julius Nyerere lenye megawati 2,115, umeme tunaouhitaji kweli na mi naufurahia, ila bwawa lolote kubwa linashika tope nyuma yake na linabadilisha wakati ambao maji yanatoka. Ndo maana nadhani hizi tagi zinahitajika sasa hivi kuliko mwanzo. Tuna rekodi ya potwe alivyokuwa anakaa kabla ya bwawa kujazwa, na hiyo ni mali. Risiva zikiendelea kusikiliza miaka ijayo, na vipimo vya mto vikawekwa pembeni yake, tutaona kama anahama au anabaki. Vyote vikinyamaza, hatutaona.

Na muda wenyewe hatuna mwingi. Papa na taa wa bahari kuu wamepungua asilimia 71 kati ya 1970 na 2018, na sababu kubwa ni uvuvi. Hii namba niliisoma nikaielewa vizuri sokoni Soweto hapa Mbeya kwa mama mmoja anayeuza samaki wakavu, ana usipa wa Kyela, dagaa wa Mwanza, na mara mojamoja papa mkavu kutoka pwani. Nikamwamkia, nikashika kipande kimoja, upana wake haukuzidi kiganja changu. "Mama, mbona vidogo hivi?" "Ndo wanavyokuja siku hizi mwalimu. Wakubwa hamna." Vile ni vitoto. Papa wengi wanachelewa kukomaa, wanazaa wachache, na vitoto vyao vinakulia maji mafupi ya pwani na kwenye mikoko ambako jarife linategwa kirahisi. Ukivivua kabla havijazaa hata mara moja, unategemea nini baada ya hapo? Simlaumu yule mama, wala mvuvi aliyemletea, wote wana watoto wa kulisha. Ila nilikirudisha kile kipande, nikanunua usipa.

Jumapili nikampigia mjomba wangu aliyeko Ubaruku, huko Usangu, analima mpunga tangu sijazaliwa. Shikamoo mjomba, marahaba mwanangu, habari za mvua, nikamweleza yote mpaka kwa potwe. Akanisikiliza mpaka mwisho. "Mimi maji yakitoka kwenye jaruba langu najua yanarudi mtoni," akasema, "ila huko mbele hatujawahi kuambiwa." Halafu mwenyewe ndo akaanza kueleza kwamba kiangazi shida haipo kwenye kulima tu, kuna mabanio, ile milango ya kuchepusha maji ya mto kwenda mashambani, yanabaki wazi hata mpunga ukishavunwa, maji yanazagaa kwenye mashamba matupu wakati kule chini Ruaha inakatika, na inakatika kweli, karibu kila mwaka tangu miaka ya 1990, viboko wanagandamana kwenye vidimbwi. Hayo hakuna mtafiti aliyemfundisha, anayaona.

Kuna kikao cha wanaumwagiliaji baada ya mavuno, ameniahidi kuniombea nafasi nizungumze. Nitaenda na ramani kubwa ya darasani, ile inayoonyesha mto wote mpaka Mafia, na zile klipu za potwe alizonitumia rafiki yangu zikiwa kwenye simu. Ombi langu litakuwa moja, mabanio yafungwe mpunga ukishatoka shambani.