Kisanduku Kilichobaki Cheupe

Fomu ya kuomba kazi ya urubani ilikuwa na kurasa nne. Tatu za mwanzo ziliuliza mambo ambayo rubani yeyote anaweza kuyajibu hata akiamshwa usiku wa manane: masaa ya kuruka, aina za ndege, masaa ya usiku, cheti cha afya cha daraja la kwanza kinaisha lini. Chini kabisa ya ukurasa wa nne palikuwa na kisanduku: kazi za kujitolea, taja taasisi na idadi ya masaa. Nikaandika Msalaba Mwekundu, huduma ya kwanza, masaa 340. Hesabu nilikuwa nayo kichwani, maana nilikuwa nikiyaandika kwenye daftari kama ninavyoandika masaa ya kuruka.

Kulia kwangu alikaa dada mmoja aliyevaa shati jeupe lililonyooshwa vizuri, ukosi umeanza kuchakaa. Alipofika kwenye kisanduku kile kalamu yake ikasimama. Akakaa hivyo kwa muda, kisha akaifunga kalamu na kwenda kukabidhi fomu. Nilikiona kisanduku chake kikipita mbele ya macho yangu. Kilikuwa cheupe.

Tulikuwa wanane tukiwania nafasi nne za urubani msaidizi. Asubuhi tuliitwa wawiliwawili kwenye simuleta, mashine ya kuigiza urushaji wa ndege, nami nikapangwa na yule dada. Tukiwa tunasubiri zamu kwenye korido akaniambia ametoka kazini alfajiri ileile. Usiku alikuwa akipakia mizigo kwenye ndege za watu wengine ili alipie masaa yake ya kuruka. Viwango vya kimataifa vinataka masaa 200 kwa leseni ya rubani wa biashara na 1,500 kwa leseni ya juu ya rubani wa mashirika ya ndege, na kila saa moja ya hayo ni lazima mtu ailipie, kama si wewe basi mwingine. Yeye hakuwa na huyo mwingine.

Nilianza mimi kurusha. Tulipoacha tu njia ya kurukia, injini ya kushoto ikafa. Pua ikavutwa kushoto, nikakanyaga pedali ya kulia kwa nguvu zangu zote, na nakumbuka nilifurahi kuona nimeidhibiti mapema. Furaha hiyo ndiyo iliyoniponza. Nilikuwa nimeinua pua mno kwa ndege iliyobaki na injini moja, na macho yangu yalikuwa yamegandia kwenye dira.

"Kasi," akasema.

Nilimsikia. Sikufanya kitu.

"Kasi inashuka. Shusha pua." Safari hii hakupaza sauti wala hakuharakisha, ila mkono wake wa kulia ulikuwa umeshaacha paja na kusogea karibu na usukani. Nikashusha. Mshale wa kasi ukatetemeka kidogo, ukaanza kupanda. Yule mkaguzi nyuma yetu akaandika kitu, na mpaka leo sijui aliandika nini. Tulipobadilishana zamu alirusha kwa utulivu ambao mimi sikuwa nao.

Mchana ukaja usaili. Nilikuwa nimejiandaa kwa swali la kujitolea kama mwanafunzi anayekariri. Nilipanga kumtaja Kapteni Al Haynes, ambaye tarehe 19 Julai 1989 injini ya mkiani mwa DC-10 yake ilipasuka na kukata mifumo yote ya haidroliki, hata vyombo vya kuiongozea ndege vikafa mikononi mwake. Ndani ya ndege alikuwamo abiria, Denny Fitch, mwalimu wa marubani, aliyetuma ujumbe kwamba yuko tayari kusaidia. Haynes akamwita ndani, Fitch akashika mikono ya kuongezea na kupunguzia nguvu ya injini mbili zilizobaki, wakafika nayo hadi uwanja wa Sioux City. Ilivunjika ilipotua, lakini watu 184 kati ya 296 waliokoka. Na Haynes huyohuyo alikuwa akijitolea kuchezesha mechi za besiboli za watoto. Niliona hapo hoja imekamilika: mtu wa kujitolea ndiye rubani bora.

Kapteni aliyenisaili hakunipa nafasi ya kuisema. Alisoma kisanduku, akaniangalia juu ya miwani. "Masaa 340. Niambie siku uliyokosea."

Nikamweleza. Tulikuwa tunamshusha mzee kwenye ngazi kwa machela, mimi nikiwa kiongozi. Kijana aliyekuwa na wiki mbili tu kwenye kikundi akasema mkanda wa kifuani haujafunga. Nikamjibu umefunga, twende. Ngazi ya tatu mzee akaanza kuteleza. Yule kijana akaachia upande wake kwa mkono mmoja, akamzuia mzee kwa kiganja kifuani, kiganja wazi, vidole vimetanuka juu ya pajama za mistari. Kifungo cha mkanda kilikuwa kimelala tu juu ya mwenzake, hakikuingia. Nilikuwa nimekitazama na kuona kimefunga kwa kuwa nilitaka kiwe kimefunga.

Kapteni alinyamaza kidogo, kisha akanikumbusha Tenerife, 1977, ndege mbili zilipogongana kwenye njia ya kurukia na watu 583 wakafa. Mhandisi wa ndege aliuliza kama ile ndege nyingine imeshatoka njiani, kapteni wake akajibu kwa uhakika kwamba imetoka. "Yule kijana wako angekuwa mhandisi yule," akasema, "ungemjibu hivyohivyo." Nilikubali. Niliona pia kwamba swali lake lilikuwa la haki, kwa kuwa hakutaka kujua kama mimi ni mtu mwema. Alitaka kujua ninapokea vipi neno la mtu niliyemzidi cheo.

Siku tisa baadaye nilipigiwa simu kwamba nimepata. Nikauliza habari za yule dada. Hakupata, alikuwa wa tano. Nikaomba kuzungumza na kapteni, naye, Mungu ambariki, akanieleza bila kuficha: alama zetu zilikaribiana sana, ila kisanduku cha kujitolea kilikuwa na alama zake, na aliyekiacha kitupu alipewa sifuri.

Nikamwambia habari ya "kasi". Nikamwambia kwamba kile alichokitafuta kwangu kupitia machela kilikuwa kimeonekana asubuhi ileile, kwenye kiti cha kulia, na mtu aliyelipia masaa yake kwa kubeba masanduku usiku alitoa wapi masaa 340 ya kugawa bure? Mimi nilikuwa nayo kwa sababu nyumbani walinilipia chuo. Sikatai kazi ya kujitolea iulizwe. Iulizwe kama alivyoniuliza yeye, mtu asimulie, na asiye nayo aulizwe alijifunzia wapi kusikia wenzake. Lakini kuigeuza masaa na kuipa alama ni kumpa nafasi mwenye muda na kuiita nafasi hiyo tabia njema.

"Kwa nini hakuandika chochote?" kapteni akauliza. Sikuwa na jibu. Akasema atalipeleka suala hilo kwenye kamati, na orodha ya majibu imeshafungwa.

Jioni nikampigia yule dada. Nyuma yake kulikuwa na kelele za trekta la mizigo. Nilianza kuomba radhi, akanikatiza, akanipongeza kwa dhati kabisa. Nikamuuliza swali la kapteni.

"Kaka, ningeandika nini?" akasema. "Mama alipougua, wadogo zangu watatu nimewalea mimi, miaka sita. Hiyo mtu anaandika ni masaa mangapi?"

Kisha mtu akamwita kwa jina, akasema mlango wa shehena unasubiri kufungwa, akakata.