Bati la Chini Kabisa la Mtera

Nilifika Mtera saa tisa alasiri, Februari 2006, vumbi la barabara ya Iringa limenijaa hadi kwenye nyusi. Bwawa lile nilikuwa nalifahamu miaka mingi, lakini siku hiyo nilisimama juu ya ukuta nikajiona mgeni. Miti mikavu iliyozama bwawa lilipojazwa, ambayo siku zote nilizoea kuiona vichwa tu juu ya maji, sasa ilikuwa imesimama hadi mashinani, na mbuzi walikuwa wakipita katikati yake.

Msoma maji alikuja kunipokea. Alikuwa mtu mzima kuliko mimi.

"Shikamoo mzee," nikamwamkia.

"Marahaba, Injinia. Njoo uone mwenyewe, maana nikikuandikia kwenye karatasi hutaamini."

Akanishusha hadi kwenye mabati yenye namba za kina cha maji. Bwawa likijaa, maji hufika mita 698.5 kutoka usawa wa bahari, na kiwango cha chini cha kuendeshea mitambo ni mita 690. Tulikuwa tumeshapita hapo kwenda chini. Mabati tuliyokuwa tunayasoma yalikaa majini miaka na miaka, yakawa yameganda tope kiasi kwamba namba hazionekani. Mzee yule alikuwa na ndoo na brashi. Akachota maji, akasugua bati la chini kabisa polepole, namba zikaanza kujitokeza moja moja.

"Hili sijawahi kulisoma tangu nianze kazi," akasema.

Wakati huo nilikuwa nasimamia uendeshaji wa gridi ya taifa. Kila asubuhi nilitia saini mpango wa siku: mashine ipi izunguke, kwa megawati ngapi, na laini zipi zizimwe saa ngapi. Umeme wa gridi hauwekwi ghalani. Kinachozalishwa lazima kilingane na kinachotumika muda huo huo, na usawa huo tunausoma kwenye frikwensi, yaani idadi ya mizunguko ya umeme kwa sekunde, ambayo kwetu ni hezi 50. Matumizi yakizidi, frikwensi inashuka; ikishuka mno, mashine zinajitoa zenyewe kujiokoa, moja baada ya nyingine, na nchi nzima inaingia gizani. Ghala tulilokuwa nalo ni la maji, na ghala lenyewe ni hili la Mtera. Maji yakitoka hapa yanazungusha mashine mbili za megawati 40 kila moja, kisha yanafuata mto Ruaha Mkuu hadi Kidatu, yakazungushe nyingine nne zenye jumla ya megawati 204. Ndiyo maana Mtera ilipokauka, aliyelia ni Dar es Salaam.

Mwaka ule kila mtu alikuwa na wa kumlaumu. Wengine walisema ni mifugo iliyoingia Ihefu, ardhi chepechepe iliyo juu ya mto, wengine wakasema ni mashamba ya mpunga ya Usangu huko huko. Sikuona haki kuwatwika wafugaji peke yao. Mvua ilikuwa imekataa, na huku kwenye gridi tulikuwa tumeegemea mito kupita kiasi.

Saa moja na nusu usiku nilikuwa bado Mtera, kwenye chumba cha mitambo chini ya ardhi, simu ya Ubungo ikalia. Alikuwa kijana wa zamu kituo cha kudhibiti gridi.

"Injinia, mashine moja ya gesi imetripu, imejizima, huku Dar. Tuko 49.1 na bado inashuka. Kidatu wamefika mwisho. Tuwashe ya pili hapo Mtera?"

Mashine ya pili ilikuwa mbele yangu, nzima kabisa, hatua kumi kutoka niliposimama. Megawati 40 zingelituliza kila kitu, na hakuna mtu Dar ambaye angejua kwamba kulikuwa na tatizo. Lakini jioni ile nilikuwa nimeyaona maji kwa macho yangu. Kwa kina kile, kuwasha ya pili kungevuta hewa na tope mpaka ndani ya mitambo. Hata kama ingevumilia, tungekuwa tunakula akiba ya mwezi unaofuata ili tupendeze usiku mmoja.

"Usiwashe," nikasema. "Zima laini."

"Zipi, Injinia?"

Swali hilo hakuna chuo kinachokufundisha kulijibu. Orodha tunayo, imepangwa kwa makundi, lakini usiku ule majina ya kwenye orodha yalinijia na sura za watu: fundi wa kuchomelea mageti, mama mwenye friji la barafu, mtoto wa kidato cha nne na daftari lake.

"Ruvu usiguse, pampu za maji ziendelee. Muhimbili usiguse. Toa Mbagala, toa Tandika, ongeza Kimara kama haitoshi."

Nilimsikia akirudia kila jina kwa wenzake. Halafu kimya. Halafu: "49.4... 49.7... Imetulia, Injinia."

Mbagala anaishi dada yangu, na nilijua.

Nilipopanda juu, hewa ilikuwa na joto bado. Kwenye kitongoji cha wavuvi jirani na bwawa vilionekana vibatari tu. Hapakuwa na nguzo hata moja ya umeme. Mvuvi mmoja aliyekuwa anakunja nyavu aliniuliza, kwa heshima kabisa, "Mzee, haya maji yetu mnayapeleka wapi kila siku?" Nikamweleza habari za Kidatu na Dar. Alisikiliza hadi mwisho, akasema, "Sawa," akaendelea na nyavu zake. Nilikaa naye pale muda mrefu. Jibu nililompa lilikuwa la kweli, lakini nilijua halimtoshi, na kwangu pia halikutosha.

Mgao ule wa umeme ulitutesa karibu mwaka mzima. Mvua zilirudi msimu uliofuata, na asubuhi moja simu yangu ya ofisini ikalia. Ilikuwa sauti ya msoma maji, ananipigia kutoka Mtera.

"Injinia, lile bati nililosugua siku ile unalikumbuka?"

"Nalikumbuka, mzee."

"Halionekani tena."