Laptopu iliyozima kila nilipounganisha skrini ya pili

Kazi yangu hapa Moshi ni kuchora ramani za majengo, na kwa kuwa mchoro wa ghorofa hausomeki vizuri kwenye kioo cha inchi 15, huunganisha laptopu na skrini kubwa kwa waya wa HDMI. Laptopu ikiwa peke yake ilifanya kazi kutwa nzima bila matata. Ikiunganishwa na skrini hiyo, haukupita muda vioo vyote viwili vikawa giza. Mara picha ilirudi yenyewe, mara ukatokea ukurasa wa bluu wenye maneno VIDEO_TDR_FAILURE, mashine ikajiwasha upya na kazi ambayo sikuihifadhi ikapotea.

Fundi mmoja wa jirani na stendi alishauri tubadilishe RAM, yaani kumbukumbu ya muda ya mashine. "Dada, mashine hizi ugonjwa wake ni RAM tu," alisema. Sikukubali, kwa sababu RAM mbovu haina haja ya kungoja waya uchomekwe ndipo ilete hitilafu. Wengine walilaumu umeme, kama ilivyo desturi yetu, ilhali laptopu ilizima hata ikitumia betri.

Nilifungua kumbukumbu za matukio za Windows, nikakuta tukio namba 4101 likijirudia: draiva ya picha (programu inayoendesha kadi ya picha, yaani sehemu inayotengeneza picha za skrini) imeacha kuitikia, kisha imerejea. Kwa kawaida Windows huisubiri kadi ya picha kwa sekunde 2. Isipojibu huianzisha upya, na jitihada hiyo ikishindikana ndipo ukurasa wa bluu hutokea. Laptopu yangu ina kadi mbili, moja ndani ya prosesa na nyingine ya pekee yenye nguvu zaidi. Kioo chake huhudumiwa na ile ya kwanza, lakini tundu la HDMI limeungwa kwenye ya pili, ambayo bila skrini ya nje hulala, na ubovu wa draiva yake hauonekani.

Ili kuhakikisha, niliazima adapta ya USB-C, maana katika mashine yangu tundu hilo hupitia kadi ya kwanza. Skrini kubwa iliwaka asubuhi hadi jioni bila kuzima.

Nilipakua draiva za kadi zote mbili kutoka tovuti ya mtengenezaji wa laptopu, kwa modeli yangu hasa, kisha nikakata intaneti ili Windows isijiletee draiva nyingine katikati ya kazi. Katika hali salama (Safe Mode, ambapo Windows huwaka na vitu vya lazima tu) nilifuta zilizokuwapo kwa programu ya Display Driver Uninstaller, nikawasha upya, nikasakinisha ya kadi ya prosesa kwanza na ya kadi kubwa baadaye. Kabla ya hapo nilikuwa nimeshusha kasi ya skrini kuonyesha picha upya kutoka Hz 75 (mara 75 kwa sekunde) hadi 60. Giza lilipungua, lakini halikuisha. Baada ya kubadilisha draiva niliirudisha 75, na waya wa HDMI sasa unabaki umechomekwa siku nzima.