Proksi yangu ya MySQL: AVG imekubali, vitambulisho vimesambaa

Toleo jipya la proksi yangu limeshapandishwa, msimbo huria kama kawaida. Kwa mgeni: inakaa kati ya programu na seva nne za MySQL, mfumo wa hifadhidata. Jedwali la oda limegawanywa vipande vinne, lakini programu inaona hifadhidata moja. Kielelezo changu ni ShardingSphere, programu ya kugawanya hifadhidata namna hii, iliyoanza China kwa jina la Sharding-JDBC na kuwa mradi kamili wa Apache mwaka 2020.

Kazi kubwa ilikuwa AVG, amri ya kutafuta wastani, ambayo matoleo ya nyuma yaliikataa. Chukua kipande chenye oda mbili, ya shilingi 100 na ya 200, na kingine chenye oda moja ya 600. Wastani wao ni 150 na 600. Ukitafuta wastani wa hizo mbili unapata 375, ilhali jibu sahihi ni 300. Sasa proksi inaiandika upya hoja (ombi la data) kabla ya kuituma: inaomba SUM (jumla) na COUNT (idadi) kila kipande, inajumlisha, ndipo inagawanya.

Rekebisho ninalolipenda zaidi ni la vitambulisho, yaani namba ya pekee ya kila oda. Natumia mtindo wa Snowflake uliobuniwa Twitter: biti 41 za muda kwa milisekunde, 10 za mashine, na 12 za mwisho za kuhesabia, ambazo hurudi 0 kila milisekunde mpya. Kipande huchaguliwa kwa baki la kugawanya kitambulisho kwa 4. Oda zikija mojamoja, biti hizo za mwisho huwa 0, hivyo baki ni 0 kila mara; kipande cha kwanza kinafurika, vingine vitupu. Sasa hesabu inaanzia 0, 1, 2 au 3 kwa zamu. Nimejaza jedwali upya, na vipande vyote vinakaribiana. Nimefurahi sana kuona hivyo.

Kurasa za mbali nazo: LIMIT 1000000, 10 (ruka mistari milioni, nipe 10) hulazimisha kila kipande kutoa hadi mistari 1,000,010, maana hakuna kinachojua ya wenzake. Nimeongeza njia ya pili: programu inatuma kitambulisho cha mwisho ilichokiona, na proksi inapanga mistari 40 tu, 10 ya kila kipande. Huwezi kurukia ukurasa wa 500, lakini naukubali upungufu huo.

Miamala inayogusa vipande viwili bado inakataliwa, kwa ujumbe wa kosa ulio wazi. XA ya MySQL, njia ya kukamilisha muamala mmoja kwenye seva kadhaa kwa hatua mbili, naijaribu kwenye tawi la pembeni la msimbo. Haitaunganishwa mpaka ihimili kuzimwa kwa seva moja kati ya hatua ya kujiandaa na ya kuthibitisha.